Wazee Wanaofunga Virago Baada ya Kustaafu

Kwetu Pwani, mtu akistaafu hutarajiwa atulie nyumbani na wajukuu. Lakini wapo wazee Wakristo, mume na mke, ambao wakistaafu ndipo hufunga virago kwenda ng'ambo kulitumikia kanisa lao.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao makuu Salt Lake City, Marekani, huwatuma wengi wa aina hii. Hukaa ugenini miezi 6 hadi 23 bila mshahara, na gharama za kuishi hutoka mfukoni mwao. Utawajua kwa kibao cheusi cha jina kifuani.

Wao hawatarajiwi kubisha hodi nyumba kwa nyumba kama wamisionari vijana. Wengi hushika kazi za ofisi, hufundisha, au husimamia miradi ya maji na misaada. Siku moja kwa wiki ni yao: kufua, kwenda sokoni, kutembea kuona mji, na kuwapigia wajukuu simu.

Hapo ndipo penye uzito. Mjukuu huzaliwa, harusi hufanyika, jamaa huzikwa, na mara nyingi wao wako mbali. Basi ukikutana nao sokoni, usidhani ni watalii tu. Waamkie. Shikamoo haiulizi dini.