Je, Wajua? Hatari! Ilisifiwa kwa Picha, Ikalaumiwa kwa Hadithi
Je, wajua kwamba Hatari!, filamu ya Marekani ya mwaka 1962 yenye jina la Kiswahili, ilipigwa Tanganyika, kuanzia Arusha hadi Manyara na Ngorongoro, njia ambayo Karatu imekaa katikati yake? Mwongozaji Howard Hawks aliwapeleka waigizaji porini wakamate wanyama wenyewe. John Wayne anaonekana kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa gari, kitanzi tayari, kifaru akikimbia sambamba naye huku vumbi likitanda. Hofu unayoipata hapo ni ya kweli, na ndiyo maana upigaji picha wa Russell Harlan uliteuliwa kuwania Oscar.

Hata hivyo, wahakiki walilalamika kwamba kwa dakika 157 hadithi ni nyepesi mno: msimu wa kukamata wanyama na mapenzi ya kambini, basi. Wanaoitetea hujibu kuwa Hawks alitaka msimu wenyewe ndio uwe hadithi. Hoja hiyo naielewa, lakini haigusi upungufu ulio mkubwa zaidi. Filamu ilitoka miezi michache tu baada ya Uhuru wa 9 Desemba 1961, na bado Mtanganyika hana nafasi ya maana ndani yake. Waarusha wanatokea, wanampa mhusika wa Elsa Martinelli jina la Mama Tembo kwa kuwalea ndama wa tembo, kisha wanapita bila hata mmoja wao kupewa kisa chake. Kwa picha, filamu hii inastahili sifa zote. Kwa hadithi, lawama zile zilikuwa za haki.