MAZOEZI MAZITO NA MBEGU ZA MWANAMUME



Ndoa ikikosa mtoto, watu husema upesi: "Mke huyu ni tasa. Mume gani asizae, na misuli ile?" Lakini misuli si kipimo cha uzazi. Mazoezi ya kiasi yanajenga afya, na mbegu pia. Mazoezi yakizidi, mbegu zinaweza kupungua. Hebu tuone sababu.

MBEGU ZINATENGENEZWA WAPI?

Mbegu za mwanamume hutengenezwa ndani ya korodani. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu maalum. Joto la mwili ni nyuzi 37. Mbegu zinataka joto la chini kidogo, nyuzi 33 mpaka 35. Ndiyo maana wakati wa baridi korodani hupanda, na wakati wa joto hushuka.

Mbegu haikomai kwa siku moja. Inachukua karibu miezi 3. Ni kama mahindi ya muda mfupi: jua likiyachoma leo, hasara utaiona wakati wa kuvuna.

MAZOEZI HUDHURU WAKATI GANI?

Kwanza, mtu anapojichosha kila siku bila kula vya kutosha na bila kupumzika. Chakula kikipungua, mwili unalisha kwanza moyo na ubongo. Uzazi unangoja. Ubongo unapunguza amri zake kwa korodani. Basi homoni ya kiume inapungua, na hamu ya tendo la ndoa inapungua. Mbegu nazo hupungua. Hali hii imeonekana kwa baadhi ya wanariadha wanaokimbia zaidi ya kilomita 100 kwa wiki. Kulima kwa jembe hakumnyimi mtu watoto, maadamu anakula na kupumzika.

Pili, joto na kubanwa. Nguo za kubana hutia joto korodani. Kiti cha baiskeli, ukikikalia saa nyingi, hubana mishipa ya katikati ya mapaja. Ukisikia ganzi huko, usipuuze. Shuka, tembea kidogo. Shusha kidogo ncha ya mbele ya kiti.

Tatu, dawa za kutunisha misuli. Vijana wengine hujidunga homoni ya kiume ili wawe na vifua vipana. Wanadhani na uzazi utaongezeka. Kumbe ni kinyume! Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani. Korodani zinasinyaa. Mbegu zinaweza kwisha kabisa. Wengi wakiacha dawa hizo hupona, lakini huenda ikachukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi.

TUFANYE NINI?

Usiache mazoezi. Yapunguze yaliyozidi. Kula vizuri, maana mwili haujengwi kwa matofali. Lala vya kutosha. Kisha ngoja miezi 3, mbegu mpya zikomae.

Mume na mke wakikutana kwa kawaida mwaka mzima bila kinga na mimba haikupatikana, waende hospitali wote wawili. Kipimo cha mbegu hakina kisu wala sindano. Mwanamume hutoa mbegu katika chupa safi, nazo hutazamwa kwa darubini. Huenda chanzo si mazoezi. Kisonono kisichotibiwa, sigara na pombe nyingi huharibu uzazi pia.

Na tukumbuke hili: katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu yake upande wa mume nao una tatizo. Basi si haki mke kurudishwa kwao na mume hajapimwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini korodani ziko nje ya mwili?
2. Mwanamume aliyepunguza mazoezi mazito angoje muda gani?
3. Ndoa ikikosa mtoto kijijini kwetu, nani hupelekwa kupimwa? Je, inatosha?