Picha za Kuuza: Ni za Nani, na Pesa Ziende Wapi?



Mama mmoja wa kikundi cha upande wa Subukia alinijia siku moja na kalenda mkononi. Alifungua mwezi wa sita, na hapo palikuwa na mtoto wake mwenyewe, kamasi puani, amebeba kuni. Mgeni mmoja mpenda kupiga picha alikuwa amepita kijijini, akapiga, akarudi kwao na kuchapisha kalenda ya kuuza ili "kusaidia maskini". Mama hakuulizwa lolote, wala hakuna shilingi iliyofika pale. Akaniuliza, "Sasa hao maskini wanaosaidiwa ni akina nani?" Sikuwa na jibu.

Nimekumbuka hayo kwa sababu vikundi viwili vimeuliza kama vinaweza kuuza picha ili kulipia mayatima karo. Wana vijana wenye kamera, na wengine wenye simu nzuri tu. Mimi nasema inawezekana, na tena si jambo geni.

Mwaka 1997 huko Mathare, Nairobi, vijana wa chama cha michezo cha Mathare Youth Sports Association walipewa kamera ndogo za plastiki wakapiga picha za maisha yao wenyewe. Mradi uliitwa Shootback, na picha zikatoka katika kitabu mwaka 1999. Tofauti na ile kalenda mnaiona: walioshika kamera walikuwa wenyeji. Naye Margot Raggett, mpiga picha Mwingereza, alimkuta ndovu aliyeuawa na majangili kaskazini mwa Kenya mwaka 2014. Akawaomba wapiga picha wenzake watoe picha bure, na mwaka 2016 kikatoka kitabu cha kuuza kwa ajili ya kulinda ndovu. Mwaka 2020, watalii walipokosekana kwa sababu ya korona, wapiga picha wa nchi nyingi walitoa kazi zao ziuzwe kwa dola 100 kila picha, chini ya jina Prints for Wildlife. Zilipatikana zaidi ya dola 600,000 za kusaidia mbuga za Afrika. Hao wana majina na wanunuzi wa dunia nzima, kwa hivyo msianze kuhesabu dola bado.

Mtu akinunua picha ya ukutani, hanunui karatasi tu. Anataka idumu. Picha ya wino wa bei rahisi huchujuka upesi ikipigwa na jua la dirishani, kwa hivyo ulizeni studio kuhusu karatasi nzuri na wino usiochujuka. Pia mnunuzi hupenda kujua ziko ngapi. Ndiyo maana wapiga picha huandika kwa penseli chini ya picha, mfano 3/25, maanake hii ni ya tatu kati ya 25, halafu hutia sahihi. Mkiandika 25, msichape ya 26 hata mteja akililia.

Sasa hesabu, na hapa ndipo vikundi huanguka. Tuseme kuchapa ni shilingi 600, fremu ya fundi 700, na nauli pamoja na kufunga 200. Jumla 1,500. Mnauza 2,500, kwa hivyo faida ni 1,000. Lakini mkitengeneza 20 kwa pamoja mmetoa 30,000, na lazima muuze 12 kabla yatima hajapata hata senti. Zikibaki nane chini ya kitanda cha mweka hazina, mmemsaidia fundi wa fremu. Ni heri mtengeneze nne, mzionyeshe baada ya Misa au hotelini mjini, halafu mchukue oda na malipo ya kwanza. Na mwandike wazi nyuma ya picha: katika kila 2,500, shilingi 1,000 zinaenda kwa karo. Msiseme "pesa zote", maana si kweli.

Kuhusu cha kupiga, wengi hukimbilia heroe wa Ziwa Nakuru. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu 2010 hivi, na heroe wengi wamehamia kwingine, kama Bogoria. Lakini miti iliyokauka ikiwa imesimama majini ina uzuri wake wa huzuni. Menengai asubuhi nayo inapendeza macho. Ndani ya mbuga, waulizeni KWS kwanza kuhusu picha za biashara.

Na watu? Ombeni ruhusa, na iwe kwa maandishi, kwa lugha anayoisoma au anayosomewa. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu ni habari zake binafsi, na ya mtoto inahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kijana aliyepiga naye ana haki yake. Hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, kwa hivyo aandike barua fupi akiruhusu kikundi kuuza, ngapi, na kwa muda gani. Barua hiyo ikae kwenye faili ya katibu, isikae mfukoni mwa mwenyekiti.

Mkichapa picha ya mtu, chapeni moja zaidi isiyo na namba mpelekeeni. Yule mama wa Subukia alikata ule ukurasa wa mwezi wa sita akauweka ukutani. Ndiyo picha pekee aliyo nayo ya mtoto akiwa mdogo.