Swali la Kila Ijumaa

Yeyote miongoni mwetu aliyewahi kuajiriwa katika mji huu wa Birmingham analijua swali hili. Huulizwa siku ya Ijumaa, aghalabu wakati wa chai, na muulizaji huwa ameshika kikombe mkononi: "Je, mwisho wa juma utafanya nini?" Ukiingia mwezi wa Mei, swali hilo huongezewa pacha wake: "Na kiangazi, mna mipango gani?" Kwa Mwingereza maneno haya ni mepesi kama kusema hujambo. Kwa wengi wetu ni mazito, na wapo waliokwisha kuyakimbia kwa kujifungia msalani hadi dakika za mapumziko zimalizike. Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika chumba kimoja ambamo mwandishi wenu hunywa chai yake.

Kazi yetu ni kufua. Mashuka, foronya na mavazi ya wagonjwa huletwa kwa malori kutoka mahospitalini, hufuliwa katika mashine kubwa, hukaushwa, hupigwa pasi na kukunjwa, kisha hurudishwa yalikotoka. Ni kazi ya joto na mvuke mwaka mzima, hata theluji ikiwa imelala nje. Sheria ya nchi hii humpa mfanyakazi anayepita saa sita kazini haki ya kupumzika dakika 20, na dakika hizo ndizo zinazotukutanisha mezani.

Wenye Kiswahili mezani petu ni watano, wala hakuna wawili walioletwa na jahazi moja. Yuko dada wa Mombasa, na mama mmoja wa Unguja mwenye watoto wanne. Yuko kijana wa Bukavu, aliyeletwa Birmingham kwa mpango ulioanza mwaka 2000, ambao kwao serikali huwagawa waomba hifadhi katika miji mbalimbali badala ya kuwaacha London. Yuko mzee wetu, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Wazazi wake walimleta hapa akiwa na umri wa miaka minane, mwanzoni mwa mwaka 1968, wakati Waasia wengi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walipokuwa wakiharakisha kuingia kabla ya sheria mpya ya uhamiaji kuwafungia mlango. Kiswahili chake kimebaki kilekile cha mtoto wa miaka minane, nacho hukisema bila haya. Wa tano ni mimi, mtu wa Tanga.

Kwetu mtu huulizwa habari ya alikotoka: habari za nyumbani, habari za watoto, habari za tangu jana. Ni nadra kuulizwa habari ya kesho, kwa kuwa kesho ni ya Mungu. Kwa hiyo dada wa Mombasa alipoulizwa swali la Ijumaa kwa mara ya kwanza, alidhani msimamizi anatafuta mtu wa zamu ya Jumamosi. Naye alikuwa amechoka. Akajibu kwa mkato: "Sina kitu." Ijumaa ya pili akajibu vivyo hivyo, na ya tatu pia. Msimamizi wetu, mama wa Kiingereza mkazi wa Erdington, akafahamu kwamba dada huyu hapendi kuulizwa mambo yake, akaacha kumwuliza. Mwaka mzima ukapita, watu wawili wema wakipishana mlangoni kimya, kila mmoja akiamini kuwa mwenziwe hamtaki.

Kilichovunja ukimya huo ni karatasi. Msimamizi alibandika ukutani, juu ya birika la umeme, karatasi kubwa yenye safu. Kila mfanyakazi aliombwa aandike chakula akipendacho, mahali apendapo, afanyacho mwisho wa juma na atakachofanya kiangazi. Wenzetu waliandika mara moja. Mzee mmoja wa Jamaika anayekaa Handsworth aliandika dhumna na kriketi ya Edgbaston. Msimamizi mwenyewe aliandika biskuti iliyochovywa katika chai. Sisi wa Kiswahili tulizungukazunguka. Dada wa Mombasa, kwa kuogopa kuonekana wa ajabu, aliandika samaki wa kukaanga na chipsi, chakula ambacho hajapata kukitia kinywani tangu afike Uingereza. Mimi nami niliandika hivyohivyo chini yake, na nakiri uongo wangu mbele yenu.

Ndipo mzee wetu akaja na kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa: mogo wa kuchoma, pilipili na ndimu, Kisumu. Wasomaji wanaopita Soho Road mjini humu wanalijua neno hilo, kwa maana Waasia waliotoka Afrika Mashariki walihama na muhogo wetu pamoja na jina lake, wakalifupisha kidogo, na leo limo katika orodha za vyakula za mikahawa yao. Tulilisoma neno hilo tukatazamana. Dada wa Mombasa akachukua kalamu, akamfuta yule samaki, akaandika mahamri na mbaazi. Mama wa Unguja akaandika urojo. Kijana wa Bukavu akaandika sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, kwa ugali. Nami nikaandika machungwa ya Muheza.

Ijumaa iliyofuata hakuna aliyetuuliza kuhusu mwisho wa juma. Walituuliza mahamri ni nini. Ijumaa ya baada yake dada aliyaleta, yamefungwa katika taulo yasipoe, na sahani ikarudi tupu. Tangu siku hiyo maongezi hayakuhitaji kuanzishwa.

Ilibaki safu ya mwisho, safu ya kiangazi, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu. Chakula chaweza kupikwa popote; safari yataka fedha, hati na ruhusa. Mama wa Unguja aliieleza hesabu yake waziwazi. Shule hufungwa kwa muda wa majuma sita hivi, tangu mwishoni mwa Julai, na katika majuma hayo nauli za ndege hupanda kuliko wakati wowote wa mwaka isipokuwa Krismasi. Ukiwatoa watoto shuleni siku tano bila ruhusa ya mkuu wa shule, waweza kutozwa. Tangu Agosti 2024 faini hiyo ni pauni 80 kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21; ikicheleweshwa hufika pauni 160. Kwa watoto wanne hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Akaandika Weston-super-Mare.

Kijana wa Bukavu alikuwa na kikwazo kingine. Hati ya kusafiria anayopewa mkimbizi hapa humruhusu kwenda nchi nyingi, lakini si ile aliyoikimbia. Akauliza ni wapi atakapoona maji yenye milima nyuma yake. Mzee wa Jamaika akamwambia ajaribu Barmouth, katika nchi ya Wales, ambako reli huvuka mlango wa mto Mawddach juu ya daraja refu la mbao. Kijana akaandika Barmouth, ingawa hakujua bado jinsi linavyotamkwa.

Msimamizi alipoyasoma majina hayo mawili alicheka kwa furaha, akatuhadithia jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Zamani viwanda vingi vya Birmingham vilikuwa vikifungwa kwa pamoja majuma mawili kila kiangazi, na treni zilijaa familia za wafanyakazi zikielekea Weston, Rhyl na Barmouth, hizohizo. Wasio na nauli ya kufika pwani walipanda tramu hadi Rednal, wakapanda vilima vya Lickey na vikapu vya mikate. Bibi yake alikuwa mmoja wao.

Kwa hakika, siku za mapumziko katika mji huu hazikushuka kama mvua. Katika karne ya 18 na ya 19 mafundi wa Birmingham walikuwa na desturi ya kutogusa kazi siku ya Jumatatu, wakaipa siku hiyo jina la utani la Mtakatifu Jumatatu. Waajiri walichukizwa nayo, na polepole nusu siku ya Jumamosi ikashika nafasi yake. Sikukuu za mabenki zilitungiwa sheria mwaka 1871. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa mwaka 1938. Lakini hadi kanuni za saa za kazi zilipoanza kutumika Oktoba 1998, mfanyakazi wa kawaida hakuwa na haki ya jumla ya kisheria ya likizo ya kulipwa. Basi mwenzako wa Kiingereza anapokuuliza habari ya kiangazi, anakuuliza juu ya kitu ambacho wazee wake walikidai siku baada ya siku. Wala hashuku kwamba yuko mtu asiyejua kuwa nacho ni chake.

Mtu huyo alikuwa mezani petu. Safu ya dada wa Mombasa ilibaki tupu majuma mawili. Alipobanwa, alisema kwamba mama yake yuko Mombasa, ni mzee, na kwamba hajamwona kwa miaka tisa. Alikuwa amekwisha kuweka nauli. Kilichomzuia ni kuomba. Alidhani likizo ni hisani, na mgeni aombaye hisani hujulikana kwa uvivu. Mwaka uliotangulia siku zake tisa zilipotea kwa sababu hiyo. Mahali petu pa kazi hapakuwa na aliyemweleza vinginevyo, na sisi wenzake, kwa aibu yetu, hatukuuliza.

Kwa faida ya wasomaji walio katika hali kama hiyo, mambo ni haya. Mfanyakazi ana haki ya majuma 5.6 ya likizo yenye malipo kila mwaka. Kwa afanyaye kazi siku tano kwa juma, hizo ni siku 28. Mwajiri aweza kuzihesabu ndani yake zile sikukuu nane za mabenki. Haki hiyo huanza siku ya kwanza ya kazi, na wanaopelekwa kazini na mawakala au wafanyao saa chache wanayo pia kwa kadiri ya kazi yao. Ikiwa hakuna mapatano mengine kazini, omba mapema kwa muda usiopungua mara mbili ya likizo yenyewe: majuma matatu yaombwe majuma sita kabla. Mwajiri aweza kuikataa tarehe uliyochagua. Haki yenyewe hawezi kukunyima. Wala haruhusiwi kukupa fedha badala ya siku zako za kisheria, ila unapoacha kazi. Siku usizozitumia kwa kawaida hupotea, kwa hiyo uliza mwaka wa likizo wa kazini kwako unaishia mwezi gani.

Dada akaomba majuma matatu ya Agosti. Jibu likarudi kwamba orodha ya mwezi huo imekwisha kujaa, na aliyeitwaa nafasi ya mwisho alikuwa mzee wetu. Siku hiyo chai ilinywewa kimya. Mzee akainuka, akaenda ukutani, akakata jina la Agosti katika safu yake na kuandika Septemba. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile: "Wewe enda ona mama. Mimi iko na kiangazi mingi." Dada hakuweza kumjibu. Msimamizi akaibadilisha orodha siku hiyohiyo.

Hayo yalikuwa kiangazi kilichopita. Mama wa Unguja alifika Weston na wanawe, akakuta bahari imetoweka. Maji ya pale hupwa mbali sana, na watoto wakamshika mkono wakiuliza bahari iko wapi. Akawaambia waketi na wangoje, kama wangojavyo watu wa Jambiani, na wasithubutu kuikanyaga ile tope, kwa maana humnasa mtu. Alasiri maji yakajaa, kama alivyowaahidi. Kijana wa Bukavu alikwenda Barmouth kwa siku moja, akarudi na picha ya daraja ambayo ingali imebandikwa kando ya ile karatasi.

Dada alimkuta mama yake hai. Alitueleza kwamba Mombasa kulikuwa bado na ubaridi wa kipupwe, na kwamba mama alimlaza kitandani mwake na kumfunika shuka kila usiku, yeye ambaye mashuka ndiyo kazi yake. Siku ya kurudi kazini ilikuwa Ijumaa. Kabla hajavua koti, msimamizi alimwuliza mwisho wa juma atafanya nini. Akajibu kwamba atalala, na kwamba Jumapili atakaanga mahamri, na wote wanakaribishwa.

Alikuwa ametuletea ubuyu wa Mombasa, mwekundu kabisa. Tuliula mezani hadi mfuko ukaisha. Msimamizi akatazama vidole vyetu, akatazama saa, akatutuma sote tukanawe kwa sabuni kabla hatujagusa mashuka ya watu.