Radoni: Pima Nyumba Yako, Si ya Jirani

Mgeni akifika jimbo la Iowa, Marekani, mara nyingi hupewa chumba cha besimenti. Kina utulivu, na watoto hawamsumbui aliyetoka zamu ya usiku kiwandani. Kwa bahati mbaya, huko chini ndiko radoni hujikusanya zaidi.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu, na huzaliwa ardhini urani inapooza polepole. Msomaji wa Katanga, Kongo, akisikia urani atakumbuka mgodi wa Shinkolobwe. Iowa haina mgodi wa namna hiyo, lakini barafu za kale zilisaga miamba na kutandaza udongo wenye chembe chache za urani karibu jimbo zima. Wakati wa baridi, hewa ya joto hupanda na kutokea juu ya nyumba, na nyumba hufyonza hewa ya ardhini kupitia nyufa za sakafu, shimo la pampu na mianya ya mabomba.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeziweka kaunti zote 99 za Iowa katika daraja la juu la hatari. Linakadiria kuwa radoni huua watu wapatao 21,000 nchini kila mwaka kwa saratani ya mapafu. Anayevuta sigara yumo hatarini maradufu na zaidi.

Hata hivyo, ramani ya kaunti haikuambii lolote kuhusu sebule yako. Mwaka 1984, Stanley Watras, mfanyakazi wa mtambo wa nyuklia wa Limerick huko Pennsylvania, alikuwa akiliza kengele za mionzi kazini. Mionzi ilitoka nyumbani kwake: radoni ilifika takriban pikokuri (kipimo cha mionzi) 2,700 kwa lita, wakati EPA inashauri nyumba irekebishwe ikifika 4. Radoni hutofautiana nyumba hadi nyumba, kwa hiyo jirani akikuambia kwake ni salama, mshukuru, kisha pima kwako.

Kifaa cha bei nafuu ni kikopo au kifuko cha mkaa maalumu. Ofisi nyingi za afya za kaunti hukiuza. Funga madirisha na milango ya nje saa 12 kabla ya kuanza, na yabaki hivyo, isipokuwa kuingia na kutoka. Kiweke kwenye chumba cha chini kabisa ambacho watu hukaa au hulala, kama nusu mita juu ya sakafu, mbali na dirisha. Jikoni na bafuni hapafai. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha ukitume maabara mara moja. Kikilala juu ya friji wiki mbili, majibu hayana maana. Majira ya baridi ndiyo mazuri kupima, maana madirisha yamefungwa hata hivyo.

Namba ikiwa 4 au zaidi, pima tena kuthibitisha. Tiba yake ni bomba linaloshuka chini ya sakafu na feni inayovuta gesi hadi juu ya paa. Fundi aliyesajiliwa huimaliza kwa siku moja mara nyingi. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi. Mpangaji ampelekee mwenye nyumba majibu kwa maandishi, abaki na nakala, na wakati anasubiri, kitanda cha mgeni kihamie ghorofa ya juu.