Dawa Igandayo Mwilini

Desturi ya vitu tuvijuavyo ni kulainika kwa moto na kuganda kwa baridi, lakini wataalamu wa dawa wanayo majimaji yaendayo kinyume: yakiwekwa barafuni hubaki mepesi, na yakipata harara ya mwili wa mwanadamu, kadiri ya digrii 37, huwa mazito hata yakawa jeli. Siri imo katika poloksama, ambayo kila mnyororo wake una ncha mbili zipendazo maji na sehemu ya kati iyachukiayo. Joto likizidi, sehemu hizo za kati huyakimbia maji na kukumbatiana, zikafanya vitufe vidogo mno, ambavyo vikisongamana havina tena nafasi ya kutiririka. Kwa hikima hiyo dawa ya Jelmyto, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hutiwa kwa mrija ingali baridi hata ndani ya figo lenye saratani ya daraja la chini, nayo huganda humo, ikaugusa uvimbe kwa saa kadhaa badala ya kuchukuliwa mara moja na mkojo. Mtu wa Mombasa katika harara ya Februari atauliza, na ni haki yake, itakuwaje ikigandia nje ya mgonjwa. Yamkini itaganda, na ndiyo sababu hupoozwa barafuni kabla ya kutiwa.

Joto si kichocheo pekee. Matone ya timololi yaliyochanganywa na gelani, watiwayo wenye presha ya macho, hugandishwa na chumvi ya machozi, yakatosha mara moja kwa siku. Na aliyekunywa Gaviscon kwa ajili ya kiungulia amekwisha kugandisha aljinati ya mwani kwa asidi ya tumbo lake mwenyewe. (Mwani ulimwao Zanzibar ni wa jinsi nyingine, hutoa karajinani.)

Lakini njia iliyoleta mageuzi makubwa zaidi, kwa rai yangu, ni ile ambayo Richard Dunn na wenziwe waliipatia hataza Marekani mwaka 1990. Wao huyeyusha polima ya asidi za laktiki na glikoliki katika kiyeyushi kipatanacho na maji, wakaichanganya na dawa. Ikidungwa chini ya ngozi, kiyeyushi hutoroka, maji ya mwili huingia mahali pake, na polima, maadamu haiyeyuki majini, hujikaza ikawa bonge lililoifungia dawa ndani, kisha huoza polepole na kuiachilia. Eligard ya saratani ya tezi dume, iliyoidhinishwa mwaka 2002, hufanya kazi hivyo, na sindano moja ya aina yake ya muda mrefu hutosha miezi sita.

Aibu yake ni kwamba bonge halijikazi papo hapo, na katika saa za mwanzo dawa hutoka kwa wingi kuliko baadaye. Tena kiwanda kimehamia mwilini, ambako tabibu hana mkono. Sublocade, sindano ya mwezi kwa waliotekwa na afyuni, ikiingia katika mshipa wa damu badala ya chini ya ngozi yaweza kuganda humo na kuua. Ndipo Marekani haimkabidhi mgonjwa, bali hudungwa na mhudumu wa afya tu, na ikibidi kuiondoa, bonge hukatwa kwa upasuaji mdogo ndani ya siku 14.