Nakshi, Chuma na Matiko: Zana za Kugongea Alama katika Uchongaji

Neno nakshi, lenye asili ya Kiarabu, lina matumizi mapana katika Kiswahili. Hutajwa kwa pambo lililochongwa mlangoni, lililotiwa katika chokaa ya ukuta, lililofuliwa katika fedha, na hata lililodariziwa nguoni. Upana huo ni utajiri wa lugha, lakini huficha tofauti za kazi. Katika nakshi ya mbao peke yake hapana budi kutofautisha kukata na kugonga. Patasi hukata na kuondoa. Chuma cha kugongea alama hakiondoi kitu, bali hukandamiza nyuzi za mti na kuacha chapa ya ncha yake.

Katika nakshi ya mwinuko, ua au jani hubakizwa juu, na sehemu inayolizunguka hushushwa. Sehemu hiyo ikijazwa nukta au vijiraba, vivuli vidogo huifanya ionekane nyeusi zaidi, na ua hujitokeza. Aidha, makovu ya patasi hufifia. Hata hivyo, chapa haiponyi uchongaji mbovu: uwanja wenye mabonde hubaki na mabonde yake.

Zana hii si lazima inunuliwe. Msumari wa inchi 6 hukatwa ncha, nao uso wake husawazishwa kwa tupa. Mifereo sambamba ikikatwa usoni, kisha mingine ikaipita kwa kukingama, hubaki vijiraba vilivyochongoka. Anayetaka duara hutoboa katikati kwa keekee na kupunguza pembeni. Ncha ya pembetatu hufaa kwa pembe zisizofikika. Kingo kali hulainishwa kidogo, zisije zikakata nyuzi.

Msumari wa kawaida ni chuma laini, nao hutosha kwa mbao. Mwenye kutaka zana ya kudumu huchukua chuma kigumu, kama vile tupa kuukuu. Hukitia motoni hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe polepole, ndipo kichongeke. Baada ya kukitengeneza hukipasha tena hadi chekundu, hukizamisha katika mafuta, na mwisho hukipasha kiasi hadi rangi ya majani makavu, kisivunjike kama kioo. Kiswahili kina msemo wake kwa kazi ya kukifanya chuma kiwe kigumu: kutia matiko.

Majaribio hufanyika kwanza juu ya kipande cha mti uleule. Mvule, msaji na mbambakofi havipokei pigo kwa namna moja. Zana huzungushwa kidogo baada ya kila pigo, alama zisijipange mistari. Baada ya hapo maji huepukwa, kwa kuwa nyuzi zilizokandamizwa huvimba na kuinuka tena.

Tofauti ya kukata na kugonga ina uzito wa pekee katika ukarabati. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Mlango wa kale ambao uwanja wake uliachwa laini, ukigongwa nukta mpya, huwa umepewa historia isiyo yake. Fundi na mtafiti wasiokuwa na maneno ya kutenganisha kazi hizo mbili hawataweza hata kuandika kilichobadilishwa. Kwa hiyo istilahi za mafundi zastahili kukusanywa karakanani, pamoja na vitendo vinavyozipa maana, wangali hai wanaozitumia.